Shahada ya Jumla: Ni Shahada ya Nini?

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi wadogo zetu mnaovaa sare tuliyoivaa sisi:

Kamati imenipa nusu saa niseme juu ya masomo ya Chuo Kikuu. Nadhani nimeteuliwa kwa kuwa nimesoma muda mrefu kuliko wengi waliomo humu ukumbini. Wenzangu walipata shahada zao kwa miaka mitatu. Mimi yangu ilichukua saba. Lakini ninayo sababu nyingine ya kukubali. Katika ajenda ya mchana huu liko pendekezo kwamba Mfuko wetu wa Masomo usaidie vijana wanaokwenda kusomea uhandisi, udaktari na uhasibu peke yao. Nimeambiwa kwamba pendekezo hilo lilipojadiliwa kwenye Kamati, ndugu yetu mmoja alisema hatuwezi kuchanga fedha kwa ajili ya "shahada za jumla, shahada za watu waliokosa la kusoma". Mimi ninayo shahada hiyo. Sikuja kugombana na ndugu yetu, maana tulilala bweni moja na namfahamu. Nimekuja kueleza shahada hiyo ni kitu gani, niliipataje, imenifaa wapi na imenikwamisha wapi, ili tutakapopiga kura tupige tukijua.

Shahada ya jumla ni ile ambayo mwanafunzi hashiki somo moja mpaka mwisho wake, bali huchukua masomo mawili au matatu na kuyaendeleza pamoja. Kwenye cheti huandikwa B.A. na katika mabano neno linaloonyesha kwamba ni ya jumla. Basi. Mimi nilichukua Historia na Jiografia, na kozi kadhaa za Kiswahili.

Wala si kitu kilichobuniwa juzi kwa ajili ya walioshindwa. Chuo cha Makerere kilipoungana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja waliosoma pale wakipata shahada za London, na ya jumla ilikuwamo. Waingereza nao walipoanzisha Chuo Kikuu Huria chao kwa hati ya mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1971, shahada yao haikuwa na jina la somo hata kidogo. Kila mtu alikusanya masomo aliyoyataka.

Na kama bado mnadhani ni shahada ya watu hafifu, mfikirieni Mwalimu Nyerere. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na M.A., ambayo kwa desturi ya Uskoti ndiyo shahada ya kwanza. Pale zilikuwapo njia mbili: ile ya kubobea katika somo moja, na ile ya kawaida yenye masomo mengi. Mwalimu alichukua ya kawaida. Akasoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, elimu ya jamii za watu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alirudi akafundisha Pugu, na mwaka 1954 akawa Rais wa TANU. Mtu aliyekuwa na kazi ya kuongoza serikali bado alipata wasaa wa kutafsiri Shakespeare mara mbili kwa Kiswahili. Sisemi kwamba shahada ndiyo iliyomfanya Nyerere awe Nyerere. Nasema tu kwamba hakuna aliyemwuliza amekosa la kusoma.

Sasa nije huku kwetu. Vijana, ninyi mmezaliwa vyuo vikiwa vingi, huenda hamjui ilivyokuwa. Nilipomaliza Kidato cha Sita mwaka 1981, nchi nzima ilikuwa na Chuo Kikuu kimoja, cha Dar es Salaam, ambacho kilijitegemea tangu mwaka 1970. Cha Sokoine kule Morogoro kilikuja mwaka 1984. Tena lilikuwapo Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kijana amalize Kidato cha Sita, aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili au zaidi kabla ya kufikiriwa kuingia Chuo Kikuu. Nia yake ilikuwa njema, na mpaka leo mimi naitetea, kwani msomi aliyekwisha kushika jembe au rejista ya stoo hasemi ovyo. Lakini miaka miwili ya kazi ina tabia ya kuzaa mingine. Mimi nilitoka jeshini nikaajiriwa karani wa stoo katika shirika moja la umma hapa Tanga. Baba akafariki. Nyuma yangu walikuwapo wadogo wanne, mmoja wao yuko katika mstari wa tatu pale akitikisa kichwa. Nani angeacha mshahara akae Dar es Salaam miaka mitatu?

Watu wa namna yangu walikuwa wengi, na Serikali ililiona hilo. Mwaka 1988 iliunda kamati chini ya Ndugu Nicholas Kuhanga, aliyepata kuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ichunguze kama inawezekana kuwa na Chuo Kikuu kinachomfuata mwanafunzi alipo. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1990. Bunge likapitisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza kazi Machi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa kwanza wakapokewa mwaka 1994. Chuo cha umma, si cha mtu binafsi. Makao yake yalikuwa Kinondoni, lakini kila mkoa ulipewa kituo, na wetu wa Tanga tuliupata.

Nilijiandikisha mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na mitano na watoto watatu.

Ndugu zangu, mtu anayesoma akiwa bwenini hupigiwa kengele. Anayesoma nyumbani Ngamiani hupigiwa redio ya jirani. Vitabu vilikuja kwa vifurushi, unakwenda kuvichukua kituoni na kutia sahihi. Vingine vya mwanzo vilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika Jiografia mifano mingi ilikuwa ya Kenya: ziwa fulani la Bonde la Ufa, mtelemko fulani wa Milima ya Aberdare. Tulikuwa watu saba waliokutana kila Jumapili asubuhi katika darasa la madrasa moja tuliloazimwa: muuguzi wa Bombo, walimu wawili wa shule za msingi za Pongwe na Maramba, askari mmoja, bibi mmoja wa posta, fundi mitambo wa kiwanda, na mimi. Muuguzi yule ndiye aliyesema siku moja, "Hili pango la chokaa kitabuni, si ndilo hili letu la Amboni?" Tangu hapo tukawa tunafunga kitabu na kuutafuta mfano wa kwetu. Mikoko ya Mto Pangani. Usambara inavyoukamata upepo wa bahari na kupata mvua, wakati nyuma yake kule Mkomazi ni mbuga kavu. Fundi mitambo, ambaye Jiografia haikuwa somo lake, alikuwa akija kusikiliza tu.

Katika Historia tulijikuta tumekaa juu ya somo lenyewe. Mkonge, ambao wengi wetu wazazi wetu waliukata kwa kipande, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche ilitoka Florida, ikapitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu ilikuwa imebaki hai 62 tu kati ya kama elfu moja. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, Pangani. Mimi nilizaliwa Pangani, nikapita Kikogwe mara ngapi sijui, na hilo sikuambiwa na mtu mpaka nilipokuwa mtu mzima nasoma kwa taa ya chemli. Nilikasirika kidogo. Miaka minne tu kabla ya miche hiyo, Desemba 1889, Abushiri alikuwa amenyongwa palepale Pangani. Ukiyaweka mambo mawili hayo pamoja unaanza kuelewa kwa nini shamba lilipatikana kwa urahisi.

Mara kwa mara mhadhiri alikuja kutoka Dar es Salaam kwa vipindi vya ana kwa ana. Siku hizo hatukulala. Tulimkamua kama muwa. Majaribio na mitihani ya mwaka tulifanyia hapahapa mkoani, chini ya msimamizi, wala hapakuwa na huruma kwamba sisi ni watu wazima. Aliyeanguka alirudia. Kati ya sisi saba tulimaliza watatu. Askari alihamishwa Rukwa, mwalimu wa Maramba akaugua, fundi mitambo kiwanda chake kikafungwa akaenda Mombasa kutafuta kazi. Bibi wa posta aliacha mwaka wa nne, akasema ameshasoma alichotaka kusoma. Naye simhesabu kuwa ameshindwa.

Nami mwaka 1998 shirika langu lilipunguza wafanyakazi, nikawamo. Wazee mliopo mnaikumbuka Tanga ya miaka ile, viwanda vikinyamaza kimoja baada ya kingine. Nilipewa mafao yaliyotosha kuezeka nyumba nusu. Nikawa mwandishi wa hesabu za wachuuzi wa samaki pale Deep Sea, siku nyingine nikilipwa fedha, siku nyingine changu wawili. Bodi ya Mikopo haikuwapo. Hiyo imeanza kazi mwaka 2005. Ada ilitoka kwa mke wangu, ambaye aliuza maandazi kwa mabaharia na wapagazi, akaandika kila senti katika daftari ambalo analo mpaka leo, na hulitoa ninapojisifu mbele ya wageni. Nilihitimu mwaka 2003.

Hapa, vijana, sikilizeni vizuri, maana sitaki mtu aseme kesho kwamba nilimficha. Nilipeleka maombi ya kazi katika ofisi moja. Mkubwa wa pale akaniuliza, "Umesomea nini?" Nikamjibu: Historia na Jiografia, na Kiswahili kidogo. "Kumbe mwalimu." Nikasema sikusomea Ualimu. "Basi mwanahistoria?" Nikasema nusu. Akafunga faili. Ofisi ya pili ilikuwa hivyohivyo, isipokuwa yule alinipa chai.

Walikuwa na haki yao kwa kiasi fulani. Shahada ya jumla haikupi leseni ya kazi yoyote. Kuwa na masomo ya kufundishia si kuwa mwalimu. Anayetaka kufundisha ama achukue shahada yenye Ualimu ndani yake, ama baada ya hii ya jumla asome Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ambayo ni muda zaidi na fedha zaidi. Uhasibu una Bodi yake na mitihani yake. Tangazo la kazi linalotaka "shahada ya uchumi" halikutaki wewe uliyesoma uchumi kozi tatu. Kwa hiyo kijana mwenye miaka ishirini, mwenye alama nzuri za Hesabu na Fizikia, ambaye nyumbani kwao wanamngojea apate kazi mara moja, aende akasomee uhandisi, na Mfuko wetu umsaidie. Hapo mimi na ndugu yetu wa Kamati hatuna ugomvi.

Mwaka 2004 niliajiriwa kuwa Mtendaji wa Kata wilayani Pangani, na kazi hiyo niliifanya mpaka nilipostaafu. Ndipo nilipojua nilichokisomea.

Mtendaji wa Kata huletewa kila kitu. Asubuhi ni madawati, adhuhuri ni kipindupindu, jioni ni mbuzi wa mtu katika mihogo ya mwenziwe. Hakuna shahada ya hayo yote. Kwetu kulikuwa na uvuvi wa baruti. Maofisa walikuja, wakasoma sheria, wakaondoka, na kesho yake ukasikia mlio. Nilichofanya mimi ni kuanza kuuliza maswali ya kitabuni: nani ananunua samaki hawa, kwa bei gani, baruti inapitia wapi, na nani anapata hasara. Tukakaa na wazee wa mishipi na madema, wakahesabu wenyewe miamba waliyoitegemea walipokuwa vijana na iliyobaki. Nikawaeleza kwamba tumbawe kubwa huongezeka sentimeta moja hivi kwa mwaka, hivyo mwamba unaovunjwa kwa sekunde moja hautaonwa tena na mjukuu wa mjukuu. Mzee mmoja akasema, "Hilo tunalijua, ila hatukuwa na hesabu yake." Baruti haikukoma kwa sababu yangu, nisije nikajipa sifa isiyo yangu, ilipungua wanunuzi walipoanza kuogopa macho ya kijiji chenyewe.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa la mpaka, kati ya kijiji na shamba la mkonge. Jina la shamba silitaji. Shamba lilikuwa na ramani na hati. Kijiji kilikuwa na minazi, makaburi na maneno ya wazee. Mbele ya ofisi nyingi karatasi humshinda mzee, na mwanasheria wa shamba alilijua hilo. Lakini mimi nilifundishwa kwamba masimulizi nayo ni ushahidi, ila sharti yapimwe: nani kasema, alikuwa na umri gani, nani mwingine kasema vilevile bila kukaa naye. Kwa miezi minne nilikusanya masimulizi ya wazee kumi na mmoja, kila mmoja peke yake, nikaandika kwa Kiswahili kilichonyooka, nikawasomea, wakatia dole gumba. Kisha nikaitandika ramani yenyewe mezani. Ramani ina kipimo, na kipimo hakimjui tajiri. Tulipima kwa miguu kutoka kwenye jiwe la mpaka lililotajwa, na mstari haukupita pale shamba lilipodai. Ulipita nyuma ya makaburi.

Shauri lilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijiji hakikupata chote kilichoomba. Sehemu ya minazi ilibaki shambani, na wako walionilaumu mpaka leo. Makaburi yalirudi kijijini, pamoja na njia ya kwenda kisimani. Mwenyekiti wa Baraza aliniuliza kama mimi ni mpima ardhi. Nikamwambia la. Mwanasheria? La. Akauliza nimesomea nini basi, na safari hii sikuona haya kujibu.

Ndugu Mwenyekiti, najua mpima ardhi angeipima vizuri zaidi, na wakili angeisema vizuri zaidi. Lakini kijiji hakikuwa na fedha za kumleta mpima wala wakili. Kilikuwa na mimi. Kata za mkoa huu, kutoka Horohoro mpaka Mkwaja, zina watumishi wa namna hiyo: matabibu, walimu, watendaji, makarani wa mahakama, watu wa miaka thelathini na arobaini ambao hawawezi kuacha kazi, wanaojibu kila siku maswali yasiyo ya somo moja. Hao ndio Chuo Huria kiliwaendea. Wengi wao walikaa katika madawati ya shule hii. Tukisema Mfuko ni wa mhandisi, daktari na mhasibu peke yao, tumesema pia kwamba ni wa wenye miaka ishirini peke yao, maana uhandisi na udaktari hausomwi jioni baada ya kutoka zahanati.

Nanyi vijana mnaopanga kuomba vyuo, neno moja la ofisini. Masomo ya shahada hubadilika. Yaliyokuwapo wakati wangu yasichukuliwe kuwa ndiyo yaliyopo. Kila mwaka someni mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wenyewe, wala msisome ujumbe wa simu uliotumwa na binamu. Aliyemaliza Kidato cha Sita bila alama za kutosha asirudi nyumbani kukaa. Aende kituo cha Chuo Huria hapa mjini aulize juu ya Kozi ya Msingi, ambayo ni mlango halali. Na kila utakachochagua, uliza kwanza kama kinakupa leseni ya kazi au elimu tu. Vyote viwili vina thamani, lakini haviuzwi soko moja.

Hoja yangu ni hii. Katika nafasi ambazo Mfuko utazitoa kila mwaka, moja iwekwe kando kwa mwanafunzi wa zamani wa shule hii aliye kazini katika mkoa huu, anayesoma kwa njia ya masafa katika chuo cha umma, somo lolote, la jumla likiwamo. Alipiwe ada na mitihani tu, asipewe posho. Kila mwaka alete risiti na matokeo. Akishindwa kuleta miaka miwili mfululizo, nafasi apewe mwingine. Mke wangu amekubali daftari lake litumike kukisia gharama, ila bei za maandazi mzirekebishe wenyewe.

Nimeiandika katika karatasi mbili. Moja iko kwa Katibu, ya pili ninayo hapa, na chini yake pana nafasi ya sahihi ya mtu wa kuniunga mkono.